Somo la Ofisi: Kabla ya Kamati Kununua Skrini Mpya



Tangu mwisho wa mwaka 2025 ofisi yetu imekuwa ikipokea simu zinazofanana. "Mmetubadilishia mfumo wa kompyuta, sasa skrini imeharibika." Wengine wanasema maandishi yamekuwa manene. Wengine wanasema yamefifia kama yaliyoandikwa kwenye karatasi iliyolowa maji. Somo la toleo hili limetokana na simu hizo. Tunaliandika kwa ajili ya katibu, mhasibu, na yule kijana mmoja wa parokia ambaye kila kitu chenye waya huletwa kwake. Lakini tunaomba wajumbe wa kamati nao walisome, kwa sababu mara nyingi shauri hili huwafikia mezani likiwa limekwisha kugeuka ombi la fedha.

Kwanza tukumbushane ilivyokuwa. Windows 10, iliyokuwa ikitumika katika ofisi nyingi za parokia, ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, ila ziliacha kupokea marekebisho ya usalama yaliyokuwa yakija bure kila mwezi, isipokuwa zile zilizoandikishwa katika mpango wa nyongeza. Kwa ofisi inayotunza majina ya wagonjwa wa zahanati, hisa za wanachama wa VICOBA na hesabu za miradi, tuliona si busara kuendelea hivyo. Kompyuta zilizokuwa na uwezo tulizipandisha hadi Windows 11. Nyingine hazikukubalika, kwa kuwa Windows 11 inadai kichakata cha miaka ya karibuni (kwa zile za Intel, kwa jumla kuanzia kizazi cha 8) na kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Hizo tuliziwekea Linux Mint, mfumo usiolipiwa.

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Kilichotusumbua ni skrini za nje, yaani zile zinazochomekwa kwenye laptopu ili mtu aone vizuri zaidi.

Yaliyotokea katika parokia moja

Katika parokia moja ya vijijini mhasibu ni mama mtu mzima ambaye macho yake yamepungua nguvu. Kioo cha laptopu cha inchi 14 hakimtoshi. Miaka kadhaa iliyopita alipatiwa skrini ya inchi 22, na tangu hapo vitabu vya mradi wa maji, zahanati na shule ya awali vilikuwa vikifungwa kwa wakati. Kwenye skrini ile aliweza kuona safu za miezi yote 12 kwa pamoja bila kusogeza ukurasa.

Tulifika pale siku ya Jumanne, tukapandisha toleo la mfumo, tukaangalia kioo cha laptopu yenyewe, tukakiona safi, tukaaga. Hatukuchomeka skrini ya nje. Kosa hilo ni letu na tunalikiri.

Kesho yake mama alipowasha skrini alikuta maandishi mapana yasiyo na kingo. Mhuri wa parokia, ambao kwenye barua zao ni duara, ulikuwa umegeuka yai lililolala. Safu za miezi zilizoonekana hazikufika hata saba. Alivumilia wiki moja, kichwa kikaanza kumuuma, akarudi kwenye daftari la karatasi. Taarifa ya robo mwaka ya mradi wa maji ikachelewa, na mfadhili akaandika mara mbili kuiulizia. Fundi mmoja aliyepigiwa simu alisikiliza maelezo akasema skrini imekwisha, inunuliwe nyingine.

Kamati ikakaa. Fedha pekee iliyokuwapo ilikuwa imetengwa kwa ajili ya bati za jiko la shule ya awali. Wajumbe walikubaliana, kwa shingo upande, kwamba sehemu ya fedha hiyo itoke, kwa kuwa bila hesabu hakuna mradi. Kabla mwenyekiti hajafunga kikao, mweka hazina, mzee ambaye ujanani alikuwa fundi redio, akanyoosha mkono. "Samahani Mwenyekiti. Hiyo skrini imejaribiwa kwenye kompyuta nyingine?"

Hakuna aliyejibu. Wakaibeba hadi zahanati, wakaichomeka kwenye kompyuta ya pale kwa waya wa pale pale. Mhuri ukaonekana duara, maandishi yakang'aa. Skrini ilikuwa nzima.

Ndipo walipotupigia simu, na ndipo sisi tulipoanza kujifunza haya tunayowaandikia.

Nukta, na kwa nini mhuri uligeuka yai

Picha ya kwenye skrini imeundwa kwa nukta ndogo ndogo zilizopangwa kwa safu, kama shanga kwenye mkeka. Idadi ya nukta hizo mafundi huiita rezolusheni. Skrini bapa za siku hizi zimetengenezwa na idadi maalumu ambayo haibadiliki. Ile ya mama mhasibu ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, jumla nukta 2,073,600. Kompyuta ikituma picha yenye nukta hizo hizo, kila nukta inakaa mahali pake na herufi inakuwa kali.

Baada ya mabadiliko, laptopu ilikuwa ikituma picha ya nukta 1024 kwa 768 tu, yaani 786,432. Skrini ile haikuacha nafasi wazi, bali iliinyoosha picha ile ndogo ijaze kioo kizima. Kwa upana iliinyoosha karibu mara 1.9, kwa kimo mara 1.4. Kwa kuwa upana ulivutwa zaidi ya kimo, duara likawa yai na watu kwenye picha wakanenepa. Na kwa kuwa nukta moja ilibidi igawanywe kwenye nukta moja na sehemu, kingo za herufi zikafifia.

Basi ukiona duara limegeuka yai, usiilaumu skrini. Skrini iliyoharibika huonyesha mistari, madoa meusi, giza upande mmoja, au huzimika. Haijifunzi ghafla kunenepesha watu siku ileile mliyobadilisha mfumo.

Skrini hujitambulishaje?

Swali linalofuata ni hili: kwa nini laptopu ilituma picha ndogo wakati inaweza kutuma kubwa?

Jibu ni kwamba haikujua inaongea na nani. Tangu miaka ya 1990 skrini hutengenezwa zikiwa na kumbukumbu ndogo ndani yake, yenye taarifa za kampuni iliyoitengeneza, aina yake na idadi ya nukta inayoifaa. Kumbukumbu hiyo huitwa EDID. Sehemu yake ya msingi ina baiti 128 tu, fupi kuliko ujumbe mmoja wa simu, lakini kila kitu kinaitegemea. Unapochomeka waya, kompyuta huuliza na skrini hujibu. Jibu lisipofika, kompyuta huchagua idadi ndogo ambayo karibu kila skrini duniani inaiweza, na mara nyingi ni 1024 kwa 768. Haitaki kutuma kitu ambacho skrini haitakiweza.

Jibu hilo hupita kwenye waya uleule unaobeba picha, ila kwenye nyuzi zake zenyewe. Katika waya wa zamani wa VGA, wenye kichwa cha pini 15 na skrubu mbili za pembeni (IBM waliuanzisha mwaka 1987), jibu hupita kwenye pini ya 12 na ya 15. Picha hupita kwenye pini nyingine. Kwa hiyo waya unaweza kuleta picha vizuri kabisa na bado ukawa hauleti jibu. Hapo ndipo watu hukanganyikiwa, kwani wanaona picha wanadhani waya ni mzima.

Shikeni kichwa cha waya wa VGA mkiwa mmekielekeza kwenu, upande mpana ukiwa juu. Kuna mistari mitatu ya pini tano tano. Kwenye mstari wa chini, hesabuni kutoka kushoto. Pini ya pili ndiyo ya 12 na ya tano ndiyo ya 15. Ikikosekana mojawapo, iliyovunjika au ambayo haikuwekwa tangu kiwandani, mmepata chanzo. Pini ya nne ya mstari wa kati ikikosekana msiogope. Waya nyingi nzima hazina pini hiyo. Ila kumbukeni kwamba pini inaweza kuwapo na uzi wa ndani ukawa umekatika, hivyo jaribio la uhakika ni kubadilisha waya.

Kwa mama mhasibu waya ulikuwa na pini zote, na uzi mmoja ndani ulikuwa umekatika. Tena inaelekea ulikatika zamani. Tulipouliza zaidi tuliambiwa kwamba siku za nyuma kijana mmoja aliyekuwa akisoma chuo aliingia kwenye programu ya kadi ya picha na kuilazimisha laptopu itume 1920 kwa 1080 bila kungoja jibu la skrini. Alifanya kazi nzuri, ila hakuiandika popote. Tulipopandisha toleo, programu ile ilibadilishwa na mpya, na agizo lake likafutika. Ugonjwa ulikuwapo miaka yote; sisi tulifuta dawa.

Waya mwingine ulipochomekwa, 1920 kwa 1080 ilijitokeza yenyewe kwenye orodha. Bati za jiko zikabaki kuwa bati.

Pa kuanzia pale skrini inapobadilika

Yafuatayo ndiyo tunayoyafanya sasa, na mtu yeyote ofisini anaweza kuyafanya bila kumngoja fundi.

Anza na jambo rahisi. Zima skrini na kompyuta, chomoa waya pande zote mbili, chomoa na umeme wa skrini kwa dakika moja hivi. Rudisha, kaza skrubu, washa skrini kwanza halafu kompyuta. Mara nyingine skrini "husinzia" na kukataa kujibu mpaka ikatiwe umeme kabisa. Tumeona hili likimaliza tatizo, na tumeona aibu kwa mwendo tuliokuwa tumesafiri.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi P. Yatatokea machaguo manne. Ikiwa umewekwa kwenye "Duplicate", skrini zote mbili zinalazimika kuonyesha kitu kimoja, na kubwa hufuata udogo wa ile ndogo. Laptopu nyingi za bei nafuu zina nukta 1366 kwa 768, hivyo skrini kubwa nayo itashushwa hadi hapo. Chagua "Extend" ili kila skrini ijitegemee, au "Second screen only" kama hutaki kutumia kioo cha laptopu. Hili peke yake lilitosha katika ofisi kadhaa.

Likishindikana, bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye skrini, uchague "Display settings". Juu utaona visanduku vyenye namba 1 na 2. Bofya kwanza kisanduku cha skrini ya nje, vinginevyo utakuwa unabadilisha laptopu na kushangaa kwa nini skrini haisikii. Halafu shuka hadi "Display resolution" na ufungue orodha yake. Linganisha na idadi halisi ya skrini yenu, ambayo huandikwa kwenye kitabu chake au kwenye boksi, au hupatikana kwa kutafuta namba ya aina iliyo kwenye lebo ya nyuma.

Kama idadi halisi imo kwenye orodha, ichague. Kompyuta itakuuliza kama unataka kuibakiza. Skrini ikiwa nyeusi au ikiandika kwamba haiwezi, usiguse kitu. Baada ya sekunde 15 itarudi ilivyokuwa. Tumekuta watu waliozima kompyuta kwa nguvu ndani ya sekunde hizo kwa hofu.

Kama idadi halisi haimo kwenye orodha, sababu ni moja kati ya mbili: ama jibu la skrini halifiki, ama kompyuta yenyewe haina programu ya kuiongoza kadi yake ya picha. Kuzitofautisha, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, uchague "Device Manager", ufungue sehemu ya "Display adapters". Ukikuta pameandikwa "Microsoft Basic Display Adapter", basi inayokosekana ni programu. Ukikuta jina la kadi halisi, kama Intel, AMD au NVIDIA, fungua sehemu ya "Monitors". Pakiandikwa "Generic Non-PnP Monitor", maana yake ni kwamba skrini haijajitambulisha. Tafuta waya.

Pale programu inapokosekana

Programu hiyo mafundi huiita draiva. Bila draiva kompyuta hutumia ya dharura, inayotosha kuonyesha picha lakini si kuitumia kadi kwa uwezo wake, na mara nyingi skrini ya pili haionekani kabisa. Kupandisha toleo kunaweza kuiacha draiva ya zamani nyuma.

Unganisha kompyuta na intaneti, fungua "Windows Update", kisha "Advanced options", kisha "Optional updates", uangalie kama kuna draiva inayosubiri. Isipokuwapo, nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta yenyewe, uandike namba ya aina yake. Tunashauri msipakue kutoka tovuti zinazotangaza kwamba zitatafuta draiva zote kwa mpigo; nyingi huleta mambo mengine ambayo hamkuyaomba. Faili la draiva ya picha linaweza kufikia mamia ya megabaiti. Parokia zinazonunua bando la siku zisijitese, zitutumie namba ya aina ya kompyuta na sisi tutalituma kwenye flashi kwa gari la zahanati.

Ikiwa kampuni haikutengeneza draiva ya mfumo mpya kwa kompyuta hiyo, ipo njia ya kurudi nyuma. Windows 11 huutunza mfumo wa zamani kwa siku 10 baada ya kupandishwa. Ndani ya siku hizo mnaweza kufungua "System", kisha "Recovery", kisha "Go back". Zikipita, njia hiyo hufungwa. Mama mhasibu alitupigia siku ya 16. Kwa bahati hatukuihitaji.

Wanaotumia kisanduku cha kuunganishia skrini kupitia tundu la USB wafahamu kwamba vingi vya aina hiyo vina draiva yake ya peke yake, nayo huenda ikahitaji kuwekwa upya.

Adapta

Laptopu mpya hazina tundu la VGA, na skrini nyingi tulizopewa hazina jingine. Kwa hiyo katikati huwekwa adapta ya kutoka HDMI kwenda VGA. Hiki kidude kidogo kimetusumbua kuliko waya. HDMI hubeba picha kwa tarakimu, VGA hubeba kwa mawimbi ya umeme, hivyo adapta inafanya kazi ya mkalimani, na mkalimani anahitaji kula. Hupata umeme kidogo kutoka kwenye tundu la HDMI, na baadhi hazitosheki, ndiyo maana zina kijitundu cha pembeni cha kuongezewa umeme wa USB. Kama chenu kina kijitundu hicho, kitumieni kabla ya kusema kimeharibika.

Pia adapta hizi ni za njia moja. Ya kutoka HDMI kwenda VGA haifanyi kazi kinyume chake, ingawa kwa sura ni kama mapacha. Msomeni muuzaji usoni na msome maandishi ya kwenye pakiti. Na skrini yenu ikiwa na tundu la HDMI nyuma, achaneni na adapta kabisa, nunueni waya wa HDMI mtupu. Tulikuta ofisi moja imetumia adapta kwa miaka wakati nyuma ya skrini kulikuwa na tundu la HDMI limefunikwa na kizibo cha plastiki.

Herufi ndogo ni jambo jingine

Hapa tunaomba mtulie kidogo, kwa sababu tumeona watu wakiharibu kilichokwisha kutengenezwa.

Idadi ya nukta ikirudi sahihi, herufi zinaweza kuonekana ndogo mno. Mtu mwenye macho dhaifu atalalamika, na msaidizi wake, kwa upendo, atashusha rezolusheni ili herufi ziwe kubwa. Zinakuwa kubwa kweli, na zinafifia, na yai linarudi. Macho ya mzee yanazidi kuchoka.

Njia sahihi ni kuacha nukta kama zilivyo na kuongeza ukubwa wa maandishi. Kwenye ukurasa uleule wa "Display settings", juu ya orodha ya rezolusheni kuna neno "Scale". Ipandishe hadi 125 au 150 kwa mia. Herufi zitakua bila kupoteza ukali, kwa kuwa kompyuta itazichora upya kwa nukta nyingi zaidi badala ya kuzinyoosha. Programu za zamani, na zile za hesabu ni mojawapo, zinaweza kufifia kidogo mpaka utoke kwenye akaunti na kuingia tena.

Mama mhasibu alichagua 125. Akapoteza safu moja ya mwezi wa Desemba, akasema Desemba ataisogeza, haina mambo mengi.

Televisheni ya ukumbini na kompyuta za Linux

Kumbi zinazotumia televisheni badala ya projekta zilikuwa na malalamiko ya aina yake, kwamba kingo zimekatwa na mstari wa mwisho wa jedwali hauonekani. Televisheni nyingi hukuza picha kidogo na kuficha pembe zake, desturi iliyotokana na enzi za televisheni za zamani za kioo kilichobinuka. Dawa iko kwenye rimoti ya televisheni, upande wa ukubwa wa picha. Jina lake hutofautiana, mara "Just Scan", mara "Screen Fit", mara "1:1". Na kama televisheni ni ya nukta 3840 kwa 2160 na kishale cha kipanya kinakwenda kwa kukokota, kuna uwezekano laptopu ina HDMI ya toleo la 1.4, inayoweza nukta hizo mara 30 tu kwa sekunde. Ishusheni hadi 1920 kwa 1080. Kwa televisheni hizo ni nusu kamili kila upande, nukta moja inakaa juu ya nne, hivyo ukali haupotei sana.

Kwa waliowekewa Linux Mint, draiva za Intel na AMD zimo ndani ya mfumo wenyewe. Za NVIDIA huongezwa kupitia "Driver Manager". Waya ukiwa haufikishi jibu na hakuna mwingine wa kubadilisha, kijana wa kompyuta anaweza kulazimisha. Afungue "Terminal", aandike xrandr peke yake ili aone jina la tundu, tuseme HDMI-1. Kisha aandike cvt 1920 1080 60, na kompyuta itamjibu kwa mstari wa tarakimu unaoanza na neno Modeline. Anakili yote yanayofuata neno hilo na kuyaweka baada ya xrandr --newmode. Halafu:

xrandr --addmode HDMI-1 1920x1080_60.00

xrandr --output HDMI-1 --mode 1920x1080_60.00

Maagizo haya hufutika kompyuta inapozimwa, kwa hiyo lazima yawekwe kwenye orodha ya vitu vinavyoanza na kompyuta. Tafadhali aandike alichofanya kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya skrini, asije akahitimu chuo na kuondoka nayo kichwani.

Tulichobadilisha sisi

Sasa hatupandishi toleo la kompyuta yoyote kabla ya kupiga picha kwa simu ukurasa wa "Display settings" wa kila skrini, pamoja na lebo ya nyuma ya skrini. Picha hizo hubaki kwenye simu ya katibu. Hatuondoki kabla skrini ya nje haijachomekwa na mtumiaji wake kukaa kwenye kiti chake na kufungua kitabu chake cha hesabu. Na siku ya saba tunapiga simu sisi, tusingoje kupigiwa, kwa sababu ya zile siku 10.

Kwa kamati, tunaomba ombi lolote la kununua skrini liandikwe pamoja na jibu la swali la yule mzee: imejaribiwa kwenye kompyuta nyingine, kwa waya mwingine? Mstari mmoja kwenye muhtasari unatosha.

Kwa wafadhili wanaotuma vifaa vilivyotumika, shukrani zetu ziko palepale. Tunaomba tu kila skrini isafiri na waya wake wenyewe umefungwa kwenye mguu wake, na kama kuna nafasi, kipande cha karatasi chenye idadi ya nukta zake. Skrini inayofika bila waya huunganishwa kwa wowote unaopatikana sokoni siku hiyo.

Limebaki jambo moja ambalo hatukuliweza. Projekta ya ukumbi katika parokia mojawapo inaendelea kuonyesha 1024 kwa 768 baada ya waya tatu na adapta mbili. Mwishowe tulisoma lebo yake: hizo ndizo nukta zake zote, tangu ilipotengenezwa. Tumewaandikia wanaoandaa mafunzo pale waongeze ukubwa wa herufi kwenye slaidi zao, na projekta tumeirudisha kwenye kabati.